Mwenzako Akinyolewa: Jinsi Mitandao Inavyopashana Habari za Hatari

Wahenga walinena kuwa mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii tunaiandika katika insha kila muhula, aghalabu tukiwaza juu ya ulevi, uvivu au wizi. Leo hebu tuitazame kwa jicho jingine, jicho la tarakilishi. Siku hizi karo, mishahara, matokeo ya mitihani na hata rekodi za wagonjwa hospitalini vimo ndani ya tarakilishi, na wezi nao wanalijua hilo. Je, jirani akivamiwa, sisi tutajuaje mapema ili tutie maji?

1. Habari za hatari ni nini?

Tuseme duka moja sokoni limevunjwa usiku. Mwenye duka anaweza kunyamaza kwa kuona haya. Anaweza pia kuwaambia majirani, "Jamaa walikuja na pikipiki, wakapitia dirisha la nyuma, wakakata kufuli kwa msumeno." Majirani wakisikia hivyo wataimarisha madirisha yao kabla jua halijatua. Hizo ndizo habari za hatari.

Katika mitandao, habari hizi ni za aina tatu hasa:

(a) Anwani. Hii ni nambari au jina la tovuti ambako shambulio limetoka.

(b) Alama ya faili. Kila faili inaweza kupigiwa hesabu ikatoa mfululizo wa herufi na tarakimu, mfano wa alama ya kidole. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, alama yote inageuka.

(c) Mbinu. Hii ni tabia ya mwizi: anaingiaje, anajificha wapi, anatoroka na nini.

Zingatieni jambo moja. Anwani mwizi huibadilisha kwa dakika chache, na alama ya faili vivyo hivyo. Mbinu je? Ngozi ya kuzaliwa haibanduki. Kwa sababu hiyo habari za mbinu hudumu kuliko zile nyingine.

2. Tulikotoka

Tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi mmoja Marekani, Robert Morris, aliachilia programu iliyojinakili yenyewe kutoka tarakilishi moja hadi nyingine. Ilikadiriwa kuwa iliathiri tarakilishi 6,000 hivi, kati ya 60,000 zilizokuwa kwenye intaneti wakati ule. Wasimamizi wengi walishtuka wakajitenga na mtandao. Kumbe dawa nayo ilikuwa inasambazwa kwa barua za mtandao huo huo! Waliojifungia ndani hawakuipata kwa wakati.

Mwezi huo huo, serikali ya Marekani ilianzisha kituo cha CERT katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, ili pawe na mahali pamoja pa kupokea na kutoa habari za mashambulio. Mwaka 1990 likaundwa shirika la FIRST, linalowaunganisha walinzi wa aina hii kutoka nchi mbalimbali.

3. Wingu linaingiaje hapa?

Msidhani ni mawingu yale ya kuleta mvua! Wingu ni tarakilishi nyingi zilizowekwa katika majumba maalum, na watu walio mbali huzitumia kupitia intaneti. Zamani kila ofisi ilikuwa na mlinzi wake mlangoni, na huyo mlinzi alijua tu yaliyompata yeye. Huduma ya ulinzi iliyo kwenye wingu ni kama lango moja linalopitiwa na vijiji elfu. Mhalifu akitambuliwa akielekea kijiji kimoja, sura yake inajulikana langoni, na vijiji vyote 999 vilivyobaki vimekingwa pasipo kuandikiana barua.

Tuchukue mfano wa Quad9, huduma iliyozinduliwa Novemba 2017 na IBM, Packet Clearing House na Global Cyber Alliance. Unapoandika jina la tovuti, tarakilishi yako huuliza kwanza, "Jina hili lina nambari gani?" Ni kama kutafuta mtu katika kitabu cha simu. Quad9 hulijibu swali hilo, lakini kabla ya kujibu huangalia orodha ya majina mabaya yaliyokusanywa kutoka kwa mashirika mengi ya usalama. Likiwamo, hujibu kana kwamba tovuti hiyo haipo, na mtego unabaki bila windo. Nambari yake ni 9.9.9.9, na haidai hata senti. Hata shule isiyo na pesa za kununua mitambo inaweza kuitumia.

4. Somo la WannaCry

Tarehe 12 Mei 2017, programu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150. Ilifunga mafaili ya watu, kisha ikadai dola 300 ili iyafungue. Nchini Uingereza, angalau mashirika 80 kati ya 236 yanayosimamia hospitali za umma katika eneo la England yaliathirika. Wagonjwa walirudishwa nyumbani, na upasuaji ukaahirishwa. Jamani, huu si mchezo wa watoto. Anayeumia si mashine, ni mtu aliyelala kitandani.

Siku iyo hiyo, kijana Mwingereza Marcus Hutchins, katika kuichunguza programu hiyo, aliona kuwa kila mara huita kwanza tovuti fulani yenye jina refu ajabu. Jina hilo halikuwa na mwenyewe. Akalisajili kwa dola zisizozidi 11. Kumbe programu ile iliumbwa hivi: ikiitikiwa na tovuti hiyo, inaacha kazi! Kuenea kukapungua mno.

Hapa pana funzo kubwa. Mlinzi aliyesikia nusu ya habari, kwamba WannaCry huita tovuti fulani, angekimbilia kuifunga tovuti hiyo. Kufanya hivyo kungekuwa kuitupa dawa, kwa maana programu isipoitikiwa huendelea kuharibu. Basi habari ya hatari isitolewe nusu nusu. Taja kilichoonekana, kisha eleza la kufanya.

Funzo la pili ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa rekebisho la kuziba ufa huo tarehe 14 Machi 2017, takriban miezi miwili kabla. Waliosikia wakaziba, walipona. Waliosikia wakapuuza, walijenga ukuta.

5. Adabu ya kupashana habari

Si kila neno ni la kutangazwa gwarideni. Walinzi wa mitandao hutumia rangi, mfano wa taa za barabarani. Nyekundu ni siri ya waliomo kikaoni tu. Kaharabu ni ya shirika lako na wateja wake wanaohitaji kujua. Kijani ni ya jumuiya ya walinzi, isiwekwe hadharani. Isiyo na rangi ni ya kila mtu.

Tena, tunapashana alama ya mwizi, si mali ya aliyeibiwa. Unaweza kutuma alama ya faili mbaya bila kutoa majina ya wanafunzi wala nambari zao za simu. Mwisho, thibitisha kwanza. Tovuti ya mfanyabiashara mwema ikiingizwa kwenye orodha kwa makosa, wateja wake wote wanazuiwa kwa pamoja. Lango linalokinga vijiji elfu ndilo linaloweza kukosea vijiji elfu.

6. Hapa kwetu

Kenya tuna kituo cha kitaifa cha KE-CIRT, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa tarakilishi inamtaka anayeendesha mfumo kuripoti shambulio kwa kamati husika katika muda wa saa 24. Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulipozidiwa na maombi ya uongo, wananchi waliokuwa wakitafuta huduma za serikali walikwama. Kila mmoja aliona umuhimu wa tahadhari ya mapema.

Na sisi shuleni je? Ukipokea ujumbe wa ati umeshinda zawadi, usiufute kimya kimya ukaenda zako. Mwonyeshe mwalimu wa tarakilishi, aangalie kama wengine wameupata. Aibu ya kunyamaza humsaidia mwizi peke yake. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Maswali ya kudurusu

1. Taja aina tatu za habari za hatari. Ipi hudumu zaidi, na kwa nini? (alama 4)
2. Kwa nini waliojitenga na mtandao mwaka 1988 walichelewa kupata dawa? (alama 2)
3. Eleza jinsi Quad9 inavyomkinga mtumiaji. (alama 4)
4. "Habari nusu ni hatari kuliko kukosa habari." Jadili ukirejelea WannaCry. (alama 6)
5. Tunga kisa kitakachodhihirisha maana ya methali: Kidole kimoja hakivunji chawa. (alama 20)