Nimonia wodini: anza na pumzi

Mgonjwa wa nimonia akiletwa wodi ya kawaida, usikimbilie mashine. Mshike mkono kama unayepima mapigo, kumbe macho yako yapo kifuani. Hesabu pumzi dakika nzima. Ukimwambia unazihesabu, ataanza kupumua kwa adabu. Nimeona mafaili ambayo kila mgonjwa ana pumzi 20, asubuhi na jioni, hizo zimekisiwa. Zikifika 30, au presha ya juu ikishuka chini ya 90, au bibi aliyewajua wajukuu wake jana leo anawachanganya, mwite daktari saa hiyohiyo, usingoje raundi.

Kabla ya kumbana kidole kwa kipima oksijeni, tazama kucha. Piko na rangi ya kucha huharibu kipimo. Tumia kidole kingine au ndewe ya sikio. Ikisoma chini ya asilimia 90, weka oksijeni.

Dozi ya kwanza ya antibiotiki isilale hadi kesho. Mara nyingi ni seftriaksoni, na azithromaisini kwa aliyezidiwa. Levofloksasini isiandikwe kwa mazoea: hukipunguza makali kifua kikuu kwa muda, mgonjwa akapata nafuu ya uongo na ugonjwa ukachelewa kugunduliwa. Muulize kikohozi kilianza lini. Kama ni wiki mbili au zaidi, makohozi yapelekwe maabara. Kipimo cha VVU apewe kila mtu, hata mzee mnayemwonea haya kumuuliza.

Siku ya tatu ndiyo wengi wetu tunapolegea. Homa imetulia, pumzi hazizidi 24, presha nzuri, oksijeni imeshatolewa, anakunywa uji mwenyewe, lakini kanula bado ipo mkononi, imeanza kuvimba. Iondoe, apewe vidonge. Ndugu watanung'unika kwamba vidonge si dawa kama sindano. Waeleze bila kukasirika. Akiwa ametulia hivyo, siku tano za dawa kwa jumla huwatosha wengi. Asipotulia, msibadilishe antibiotiki tu: tafuteni maji au usaha kando ya pafu, na mrudi kwenye kifua kikuu.

Mketishe kitini tangu siku ya kwanza akiweza. Na anayepona vizuri asicheleweshwe kuruhusiwa kwa sababu ya kurudia picha ya kifua: kivuli huweza kubaki wiki kadhaa baada ya mwenyewe kurudi shambani.