Mistari Sambamba: Milinganyo Isiyo na Suluhisho

Chukulia kwamba mchuuzi amenunua bidhaa katika soko la Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira. Siku ya kwanza alinunua mikungu miwili ya ndizi na debe moja la parachichi kwa shilingi 1,300. Siku ya pili alinunua mikungu minne na madebe mawili kwa shilingi 2,800. Bei ya mkungu iwe x na ya debe iwe y:

2x + y = 1,300 ... (i)
4x + 2y = 2,800 ... (ii)

Zidisha (i) kwa 2 upate 4x + 2y = 2,600. Ukiutoa mlinganyo huu katika (ii), unabaki na 0 = 200. Hapa watahiniwa hushtuka, wakafuta kazi nzuri au wakaandika x = 0. Usifute! Hujakosea.

Sasa ibakize y peke yake upande mmoja:

(i) y = 1,300 − 2x
(ii) y = 1,400 − 2x

Mteremko wa mistari yote miwili ni −2, ila mmoja unakata mhimili wa y penye 1,300 na mwingine penye 1,400. Mistari hii ni sambamba. Suluhisho hupatikana mistari inapokutana. Isipokutana, hakuna suluhisho. Kwa mchuuzi wetu, ama bei zilibadilika, ama daftari lake lina kosa.

Tofautisha hali tatu:

(a) Miteremko tofauti: suluhisho ni moja. Mfano, (i) pamoja na x + y = 900 hutoa x = 400, y = 500.

(b) Miteremko sawa, mistari miwili mbalimbali: hakuna suluhisho.

(c) Mstari uleule: masuluhisho hayana idadi. Mfano, (i) pamoja na 4x + 2y = 2,600 hutoa 0 = 0. Bei za 400 na 500 zinafaa. 450 na 400 pia zinafaa.

Tanbihi: Katika swali la riwaya au tamthilia, hoja bila ithibati haikamiliki. Hapa pia, usiishie kuandika "hakuna suluhisho". Onyesha miteremko, kisha ueleze.

Zoezi
Umepewa 3x − y = 4 na 6x − 2y = k.
1. Taja thamani ya k inayofanya mistari hii iwe mstari mmoja.
2. Ikiwa k = 10, thibitisha kwamba hakuna suluhisho.