Umevua Samaki Usiyemjua? Tazama Mapezi Kabla ya Rangi

Mshipi hauchagui. Unashusha chambo cha ngisi pima kumi na tano kwenye mwamba ukimtaka changu, kinapanda kitu ambacho hata nahodha anakigeuza mara mbili asikipe jina. Maswali ya wasomaji mwezi huu yanahusu saa hiyo: samaki yuko ndani ya ngalawa, na wewe hujui kama ni kitoweo, ni sumu, au ni wa kupelekwa kwa watafiti. Mtaalamu wetu wa samaki wa bahari anajibu.

Shikamoo, mwalimu. Nilivua samaki mwekundu, nikatafuta picha kwenye simu nikakuta wekundu wa kila aina. Nianzie wapi?

Marahaba. Anza kwa kuiweka rangi kando. Samaki akifa, rangi huanza kupotea mara moja, na hata akiwa hai hubadilika kwa umri, kwa jinsia na kwa hofu. Pono dume na pono jike wa aina moja hutofautiana rangi kiasi kwamba zamani wataalamu wenyewe waliwapa majina mawili wakidhani ni samaki wawili. Tena ukivua kwenye maji ya kina, wekundu ni wengi: kuna chewa wekundu, kuna kungu, na wengine wasiohusiana nao hata kidogo.

Tazama vile visivyobadilika: umbo la mwili, mdomo na meno, mapezi, na miiba ya mapezi hayo. Kwa huyo mwekundu wako, pitisha ncha ya koleo kwenye ukingo wa kifuniko cha shavu. Ukikuta miiba bapa mitatu, elekeza mawazo kwa chewa. Kama haipo, gusa shavu lenyewe, chini ya jicho. Kungu na ndugu zake wana magamba shavuni. Changu hana, shavu lake ni ngozi laini, na kwa kawaida midomo yake ni minene. Dalili moja haitoshi kumhukumu samaki, lakini kwa mguso huo tayari umeondoa samaki wengi sana kwenye orodha.

Kisha hesabu miiba ya pezi la mgongo. Mwiba ni mgumu na unachoma. Nyuma yake hufuata vijiti laini vinavyopinda. Andika idadi ya vyote viwili. Hesabu hiyo humsaidia mtaalamu kuliko maelezo marefu ya rangi.

Tulipata samaki mrefu mwenye kichwa bapa na mstari mweusi ubavuni. Mwenzangu anashikilia ni papa mdogo, mimi nasema ni chazo. Nani yuko sahihi?

Kwa maelezo yenu, nadhani mmekosea nyote wawili, na mmekosea kwa sababu ya maana. Huyo anafanana sana na songoro. Ndani ya maji umbo lake na jinsi anavyoogelea humfanya adhaniwe papa, lakini papa hana kifuniko cha shavu. Ana mipasuko ya matamvua, mitano kwa kawaida, inayoonekana wazi kila upande. Songoro ana kifuniko kama samaki wengine wa mifupa.

Chazo naye ana kile kibandiko chenye mistari juu ya kichwa, anachojinatisha nacho kwenye papa, kasa au chombo. Bila kibandiko, huyo si chazo. Songoro mchanga humkaribia chazo kwa umbo na milia, na yeye pia hupenda kuandamana na taa na papa, ndiyo maana wavuvi wengi huwachanganya. Tazama mgongoni: mbele ya pezi refu songoro ana vijiba vifupi, 6 hadi 9, kila kimoja kimesimama peke yake bila utando wa kukiunganisha na mwenzake. Ukiviona hivyo, shaka imekwisha. Hufikia urefu wa mita 2, na nyama yake ni miongoni mwa nyama bora za bahari yetu.

Ni samaki gani nisiyemjua ambaye sipaswi kabisa kumla?

Sheria yangu haina mlango wa nyuma: samaki asiye na jina haingii chunguni. Na wa kwanza kumwogopa ni bunju.

Wengi humjua bunju anapojaza tumbo na kuwa duara. Tatizo ni kwamba wako bunju wa rangi ya fedha, warefu, wanaoogelea maji ya wazi, ambao kwa haraka unaweza kuwaona kama samaki wa kawaida wa kukaanga. Wakishachunwa ngozi na kukatwa vipande, hakuna wa kuwatambua. Kwa hiyo mtambue angali mzima. Fungua mdomo: meno yameungana yakawa mabamba manne, mawili juu na mawili chini. Mwili hauna magamba ya kawaida, una ngozi tupu au vimiiba vidogo vinavyokwaruza. Chini ya tumbo hana yale mapezi mawili ambayo samaki wengi wanayo. Pono pia meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku, lakini pono ana magamba makubwa na mapezi ya tumbo. Usiwachanganye.

Sumu ya bunju hukaa hasa kwenye ini na mayai, na mara nyingi kwenye utumbo na ngozi. Kupika hakuiondoi, kukausha hakuiondoi. Aliyeila huanza kufa ganzi midomo na ulimi, kisha viungo hulegea, kisha pumzi huwa ngumu. Hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua mpaka sumu iishe. Ninasikitika kila ninaposikia mtu akijivunia kwamba anajua kumsafisha. Kwa pwani yetu, bunju atupwe baharini, na asipewe paka wala kuachwa ufukweni watoto wakamwokota.

Na miiba yenye sumu?

Samaki-jiwe ndiye mbaya kuliko wote, naye hufanana kabisa na jiwe lililoota mwani. Lakini hata tasi, ambaye Mombasa humwita tafi na baadhi ya sehemu za Tanzania humwita chafi, ana miiba inayouma vikali: 13 mgongoni na 7 nyuma ya tumbo. Kambare wa baharini wenye milia nao wamo. Usimshike samaki mgeni kwa mkono mtupu. Tumia koleo na kitambaa kinene.

Ukichomwa, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasiyozidi nyuzi 45 hivi, kwa nusu saa au zaidi. Yapime kwanza kwa mkono mzima ili usijiunguze. Halafu nenda hospitali, hasa kama ni samaki-jiwe.

Nimpigeje picha ili mtu aliye mbali aweze kumtambua?

Mmwagie maji, mlaze kivulini kwenye ubao, kichwa kikielekea kushoto. Yatandaze mapezi, weka kando yake rula au sarafu, piga kutoka juu moja kwa moja. Halafu piga karibu: kichwa, mdomo ukiwa wazi, mkia. Fanya hivyo mapema kabla rangi haijaondoka, maana rangi nayo ina kazi yake ikisindikizwa na hesabu ya miiba. Andika mahali, kina kwa pima, saa na chambo. Picha ya mvuvi aliyemkumbatia samaki kifuani ni ya kumbukumbu ya familia tu, haionyeshi mapezi.

Programu za simu zinazotambua samaki, zinaaminika?

Zinatoa dokezo. Hazifunui shavu wala hazihesabu miiba. Jina zinalokupa lipeleke FishBase, hifadhidata ya samaki kwenye intaneti, uone kama samaki huyo amewahi kurekodiwa Kenya au Tanzania, kisha linganisha idadi ya miiba. Kwa kuamua kula au kutokula, usizitegemee hata siku moja.

Kuna haja gani ya kusumbuka? Si nimrudishe tu majini?

Akiwa hai na huna nia naye, mrudishe. Lakini tafadhali piga picha kwanza. Mwaka 1938 meli ya uvuvi ilileta East London, Afrika Kusini, samaki ambaye msimamizi wa makumbusho ya hapo, Marjorie Courtenay-Latimer, hakumjua. Alikataa kumtupa, akamchora, akamwandikia mtaalamu J.L.B. Smith. Alikuwa silikanti, wa kundi lililodhaniwa limetoweka miaka milioni nyingi iliyopita. Smith akasambaza vipeperushi vyenye picha na zawadi ya pauni 100, na mwaka 1952 wa pili akapatikana Komoro, kisiwa cha Anjouan. Hapo ikajulikana kwamba wavuvi wa Komoro walikuwa wakimfahamu siku zote. Walimwita gombessa, na walimnasa mara moja moja kwa mshipi wa usiku kwenye kina kirefu. Ndiyo maana nasema muulize mzee wa pwani kabla hujaniuliza mimi.

Baadaye silikanti alipatikana Malindi mwaka 2001, Kilwa mwaka 2003, kisha Tanga, ambako wengi walinaswa kwenye jarife. Mapezi yake yameota kwenye vikonyo vya nyama, na katikati ya mkia kuna kijipezi cha tatu. Analindwa kisheria, hauzwi wala haliwi.

Na nikishindwa kabisa kumtambua?

Kama ameshakufa, mweke kwenye barafu akiwa mzima, usimpasue tumbo. Toa taarifa kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuko) ya ufuko wako au kwa ofisa uvuvi, nao wawafikishie watafiti wa uvuvi na bahari: TAFIRI kwa Tanzania Bara, Taasisi ya Sayansi za Bahari kwa Zanzibar, au KMFRI kwa Kenya. Pamoja na samaki au picha zake, peleka kipimo cha urefu na mahali ulipomvua. Bila mahali, hata samaki adimu hupoteza nusu ya faida yake kwa watafiti.