Dondoo muhimu: Kinyago kinachochaji simu

Anza na simu, si na kinyago. Ipime ikiwa ndani ya kava lake, maana wengi hawalivui.

Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, hivyo kinyago chake hakiyumbi ukigusa skrini. Mninga ni mwepesi. Ukiutumia, panua kitako.

Kazi yenyewe iko kwenye chaja isiyo na waya. Koili yake hupitisha umeme kwa uga wa sumaku, na chaja nyingi za kawaida hushindwa unene wa mbao ukizidi milimita 5 hivi. Chimba kwa nyuma hadi ubaki ukuta wa milimita 3, kisha jaribu kuchaji kabla ya kupiga msasa wa mwisho. Msumari, shaba au pambo lolote la metali lisikae mbele ya koili: litapata joto kali.

Acha njia ya hewa. Ukichonga kwa mtindo wa ujamaa wa Wamakonde, uwazi kati ya watu waliobebana unatosha, na kwa macho yangu unapendeza kuliko tundu la keekee.

Waya utokee chini, kwa nyuma. Na vaa barakoa: vumbi la mpingo huwasha.