Kapu la Wiki au Gulio? Amua Kabla ya Kusia Mbegu

Masika yanaelekea ukingoni, na huu ndio wakati wa kuandaa bustani za umwagiliaji. Kwa wakulima wa miteremko ya Meru wanaouza mboga Arusha, kuna uamuzi wa kufanya: mboga ziende gulioni Tengeru, Jumatano na Jumamosi, au zifungwe kwenye makapu na kupelekwa majumbani kwa wateja waliolipa kabla? Wengi hulinganisha bei tu. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu njia hizi hutofautiana zaidi katika ratiba ya shamba. Sokoni unauza ulichovuna. Kwenye kapu unavuna ulichokwisha kuuza.

Tazama mazao yenyewe. Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne, na ukichelewa kuung'oa hukomaa na kutoa maua. Aliyeahidi kapu kila wiki hawezi kusia bustani nzima siku moja. Atenge matuta matano, asie moja kila wiki, ili la kwanza livunwe wakati la tano linasiwa. Sukuma wiki humpunguzia kazi, kwani shina moja huchumwa majani kwa miezi kadhaa. Karoti hukaa ardhini takriban miezi mitatu, hivyo za kapu la Agosti husiwa Mei. Nyanya ina tabia nyingine: huiva kwa mkupuo, na kiangazi, mvua zikikatika na ugonjwa wa baka jani ukipungua, kila jirani huwa nazo na bei hushuka. Hakuna kaya itakayomaliza tenga zima kwa wiki. Kwa hiyo ushauri wangu ni kugawa mavuno: kapu lipewe kile ambacho bustani inaweza kutoa hata katika wiki yake mbaya kuliko zote, na kinachozidi kiende gulioni.

Wapo watakaosema kapu hulipa vizuri kwa kuwa halina dalali. Ni kweli, lakini kazi ya dalali haijatoweka, imehamia kwako. Kuosha, kupanga mafungu, nauli ya bodaboda na kufidia majani yaliyonyauka njiani vyote vina gharama, na asiyeviandika atadhani amepata faida. Wengine watasema eneo la robo ekari halitoshi kwa mazao mengi. Hoja hiyo ni nzito, na jibu lake ni majirani wa mfereji mmoja kugawana mazao, huku wakiandikiana ubora, bei na nani atajaza pengo tuta la mwenzake likiharibika. Asiyepata washirika wa kuaminika abaki gulioni bila kujilaumu: pale mnunuzi hulipa papo hapo, na wiki usiyo na mavuno hudaiwi na mtu.

Kabla ya kuchukua fedha ya mteja yeyote, basi, pitia zamu zako za maji kuanzia Juni hadi Septemba, kwa kuwa ahadi ya kila wiki haiwezi kutimizwa na mfereji unaofika shambani kwako kwa nadra. Anza na kaya chache. Ukimaliza kiangazi bila kukosa kapu hata moja, ongeza nyingine wakati wa vuli. Ukikosa, punguza idadi kabla ya kulaumu bei.