Kila Tukifunga Mahesabu, Tumbo Linawaka

SWALI: Daktari, nina miaka 34, ni mhasibu wa SACCOS hapa Mwanza. Mwaka juzi nilipimwa kwa kamera, nikaambiwa utumbo wangu mpana una vidonda vya ugonjwa wa kudumu, nikaanzishiwa dawa ya salfasalazini. Naendelea vizuri, ila kila Desemba tukifunga mahesabu naharisha damu. Mume wangu anasema ni mawazo tu. Kweli mawazo yanaweza kumtoa mtu damu? Na je, niache kazi?

JIBU: Binti yangu, mumeo kapatia nusu. Kinachonikera ni hilo “tu”.

Ugonjwa wako haukuletwa na mawazo. Seli za kinga zinaushambulia utando wa utumbo wako mwenyewe, unavimba, unakuwa mwekundu, unachubuka na kutoa damu. Hali hiyo ya kuvimba na kuwaka ndiyo tunayoiita mchochota. Mchango wa kurithi upo, wa bakteria wanaoishi utumboni upo, na hakuna aliyejitakia. Lakini moto ukishakuwapo, mfumo wa fahamu unaweza kuupulizia au kuupoza, na hilo si porojo.

Ukuta wa njia ya chakula una mtandao wake wa neva, mamilioni kwa mamilioni ya seli za fahamu kuanzia kwenye umio hadi njia ya haja kubwa. Juu yake kuna neva iitwayo vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo kupitia shingoni na kifuani hadi tumboni. Takriban asilimia 80 ya nyuzi zake hazishushi amri hata kidogo. Zinapandisha habari kutoka viungo vya ndani kwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo utumbo ukichubuka ubongo unajua, na baadhi ya wagonjwa huingia kwenye huzuni na uchovu kabla hata hawajaona damu chooni.

Nyuzi zinazoshuka nazo zina kazi yake. Mwaka 2000 mtafiti Kevin Tracey na wenzake huko New York walichapisha jaribio ambalo wengi tulilisoma mara mbili. Panya waliopewa sumu ya bakteria walichochewa vagasi kwa umeme, na kiwango cha TNF mwilini mwao kikashuka. TNF ni kemikali inayokoleza mchochota, na ndiyo hiyo hiyo inayozuiwa na zile sindano za bei kubwa wanazopewa wenye ugonjwa mkali wa utumbo. Ujumbe hupitishwa na asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia pia kupunguza mapigo ya moyo.

Huko Grenoble, Ufaransa, kundi la Bruno Bonaz lilijaribu kwa binadamu. Matokeo yalitoka mwaka 2016: wagonjwa 7 wa Crohn, ndugu wa ugonjwa wako, waliwekewa kifaa cha kuchochea vagasi. Watano walipata nafuu, wawili hali ilizidi wakaondolewa kwenye utafiti. Watu saba ni wachache mno, kwa hiyo ukitumiwa kwenye WhatsApp tangazo la mkanda wa “kuamsha vagasi”, hifadhi pesa yako.

Sasa Desemba yako. Ukibanwa na kazi, tezi zilizo juu ya figo humwaga kotisoli. Hapa pana kitu cha ajabu, maana homoni hii ni jamaa wa karibu wa prednisoloni, dawa tunayotumia kuzima mchochota. Inakuwaje ikuchome? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka 2023, walionyesha kwa panya kuwa jibu liko kwenye muda. Homoni za aina hii zikikaa juu kwa muda mrefu, zinazibadili seli za glia, zile zinazozitunza neva za utumbo, nazo zinaanza kuita seli za kinga zenye kumwaga TNF. Wakati huohuo baadhi ya neva za utumbo zinapungukiwa asetilikolini na mwendo wa chakula unavurugika. Presha ya siku moja si sawa na ya wiki nzima nzima. Panya si mhasibu, nakubali, lakini hali hii inafanana mno na ninayoiona kliniki.

Hata hivyo, usiisingizie neva kila kitu. Kwanza, jiulize: Desemba unameza dozi zote? Wengi huzisahau wakati huo, wanalala kwa saa nne tu, kichwa kikiuma wanatafuna diklofenaki, dawa ambayo kwa baadhi ya wagonjwa huamsha ugonjwa huu. Ukihitaji dawa ya maumivu, tumia parasetamo. Pili, unaishi kando ya ziwa. Kichocho cha tumbo, amiba na bakteria wa kuhara damu wote wanaweza kujifanya ugonjwa wako wa zamani, kwa hiyo damu ikirudi peleka choo maabara kabla hujaongezewa dawa yoyote. Prednisoloni juu ya maambukizi ambayo hayajatibiwa ni balaa.

Kulala vya kutosha, kutembea jioni, kuvuta pumzi taratibu: vinapunguza wahaka na vinafanya ugonjwa ubebeke, navishauri. Lakini havichukui nafasi ya vidonge. Na ukianza kwenda choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, tena ukiwa na homa au moyo unakwenda mbio, usingoje kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuacha kazi sikushauri, si kwa sababu hii. Mshahara ndio unaonunua dawa, na kukosa bima ni msongo mwingine. Mwombe meneja mahesabu ya kila robo mwaka yakamilishwe kwa wakati wake ili Desemba usibaki na rundo, na weka miadi na daktari wako mwishoni mwa Novemba, mkaitazame dozi kabla hamjaanza kufunga vitabu.