Mpaka ni wa Shamba, Mto ni wa Umma

Mwaka jana jirani yetu alisogeza ua wake wa seng'enge hadi mtoni, akameza kijia kilichopita kati ya mashamba yetu. Alidai ukingo wote ni wake. Nyanya akakosa pa kuchotea maji. Amu akashika panga, lakini nyanya akamzuia: "Weka chini! Panga halipimi shamba."

Je, tufanyeje yakitufika kama hayo?

Kwanza, tujue kipi ni cha nani. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 chasema mito na maziwa ni ardhi ya umma. Kwa hivyo hatimiliki humpa mtu shamba, haimpi mto.

Pili, tuzungumze. Kifungu cha 60 chahimiza wanajamii kusuluhisha mizozo ya ardhi kwa njia zao zinazotambulika, zisizovunja Katiba.

Tatu, tukishindwa, twende kwa Msajili wa Ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, hairuhusu korti kusikiza kesi ya mpaka wa shamba lililosajiliwa kabla mpaka wenyewe haujaamuliwa kisheria. Anayekimbilia korti kwanza huenda akauza ng'ombe bure.

Kwetu, wazee waliufuata mstari wa mkonge wa zamani, ua ukarudishwa, kijia kikafunguka. Jirani bado hamsalimu amu, lakini nyanya humpelekea maziwa. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Zoezi: Tofautisha mpaka, ua na ukingo.